Mitalawanda ya Baba Yake Bi Dama

Laiti jambo hili lingebaki baina yangu na Mola wangu, ningelitubia kimya kimya nikanyamaza. Lakini mtaa mzima unalijua, na kila mtu analisimulia kwa namna yake (wako wanaosema nilikimbizwa na askari, na hilo si kweli, nilifuatwa na mama mmoja tu), basi nimeona bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu, niliyeivaa miguuni mchana kweupe na kutembea nayo mbele za watu.

Nimesomesha chuo cha Qur'ani kwa miaka arubaini na zaidi, Alhamdulillahi, na baada ya Magharibi huwatolea wazee wenzangu darsa pale msikitini. Jioni ya kuamkia siku hiyo darsa yangu ilikuwa juu ya amana. Nilisema, tena kwa sauti kubwa, kwamba kitu cha mtu, hata kikiwa mswaki wa mti, usikitie mkononi mpaka mwenyewe akwambie chukua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Watatu walikuwa wamesinzia, lakini waliokuwa macho waliitikia.

Asubuhi akanipitia rafiki yangu Shee. Mimi na Shee tulisoma chuo kimoja, tukala bakora moja, na mpaka leo hajaacha kunicheka. Amestaafu ukarani bandarini, na tangu astaafu kazi yake ni kutafuta mahali pa kunipeleka. Siku hiyo akataka twende tukaone kile kiwanda cha risasi. Nyuma ya maghala ya zamani, si mbali na Ndia Kuu, liko jengo refu la mawe ambalo tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuegemea ukuta wake, kwa kuwa wakati wa vita vikuu Waingereza walikuwa wakijazia humo baruti, na wazee wetu waliamini kwamba nyingine ilibaki ndani ya mawe ikingoja mtoto mtundu. Sasa limefanywa makumbusho.

"Twende yakhe," akasema Shee, "ukaingie ulipoogopa kuingia miaka sitini."

Miwani yangu ilikuwa juu ya meza. Niliiona. Nikasema moyoni, twenda hapo tu, nitasoma nini? Tukatoka, miwani ikabaki.

Mlangoni tulipokewa na msimamizi wa jumba, mama wa makamo aitwaye Mama Mwende. Ni Mkristo, asili yake Ukambani. Baba yake aliletwa Mombasa na kazi ya reli, na yeye akazaliwa hapa hapa kisiwani. Begani alikuwa na kitambaa cha vumbi na jasho lilikuwa likimtoka.

"Wazee wangu karibuni," akasema, "lakini leo mtanivumilia, niko mbio. Saa nane anakuja Bi Dama kutoka Tononoka. Baba yake alifanya kazi humu ndani. Mwezi uliopita alituletea kitu cha marehemu baba yake tukiweke, na mimi nilimwapia kwa jina la Mungu kwamba hakitaguswa na mtu. Leo ndiyo anakuja kukiona kilivyowekwa. Na wakubwa wangu wameshaniambia, kitu kikipotea hapa, na wewe Mama Mwende upotee nacho."

Nikamwambia amana ni jambo zito, na Mungu atamlipa. (Nilisema hivyo. Shee ni shahidi.)

Akatupitisha chumba cha kwanza huku akitueleza. Baruti, alisema, haitaki chuma. Wafanyakazi kabla ya kuingia chumba cha kujazia walivuliwa kila kitu chenye chuma, mikanda, pini, funguo, na viatu pia, kwa sababu msumari wa kiatu ukikwaruza sakafu hutoa cheche, na cheche moja ingetosha kuondoka na jengo zima na nusu ya mtaa. Ndiyo maana sakafuni kulikuwa na mstari mwekundu. Upande huu unaacha viatu vyako, upande ule unavaa viatu vya humo ndani, visivyo na msumari hata mmoja. Mimi nilikuwa nikimsikiliza nusu, nusu nyingine nikimwonyesha Shee pembe ya ukuta ambayo marehemu kaka yangu aliwahi kuigusa kwa ushujaa kisha akalia mpaka nyumbani.

Tulipofika kwenye mstari simu ya Mama Mwende ikalia. "Ngojeni hapa hapa, dakika moja tu," akasema, akatoka nje kuipokea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Mbele yetu palikuwa na mstari mwekundu. Hatua moja kupita mstari, chini kabisa sakafuni, imepangwa vizuri, visigino vikitutazama sisi na vidole vikielekea ndani, palikuwa na jozi moja ya mitalawanda. Vijana huenda hawaijui: ni viatu vya mbao vyenye ukanda mmoja juu, ambavyo wazee wetu walivaa kuogea, na msikiti wetu, kwa kuwa ni wa zamani, mpaka leo unayo jozi kadhaa pale mahali pa kutawadha. Unafika, unavua vyako, unaingiza miguu katika mitalawanda ya msikiti, unajisafisha, ukitoka unaipanga vile vile, visigino kwa anayekuja, ili mwenzako akute imemngoja. Nimefanya hivyo mara tano kwa siku tangu nina miaka saba. Mguu wangu haukunishauri. Kichwa nacho kikasema, bila shaka hii ni ya mgeni kuvaa, mama ametoka kueleza hivi sasa, upande huu unavua, upande ule unavaa. Palikuwa na kikaratasi ukutani, lakini kikaratasi kinataka miwani. Na kamba iliyokuwa ikizunguka mahali pale Mama Mwende alikuwa ameifungua ili afute vumbi kwa ajili ya Bi Dama.

"Si tumngojee mama?" akaniuliza Shee.

"Tungojee nini? Chumba kina adabu yake, na mimi naifuata."

"Na mimi je? Mitalawanda ni jozi moja."

"Wewe ngoja zamu yako."

Nikavua makubadhi yangu, nikayaacha upande wa Shee, nikapiga Bismillahi, nikaingia mguu wa kulia. Niseme kweli, nilifurahi. Ilinikaa kama niliyopimiwa. Nikazunguka chumba kile, ko, ko, ko, nikatazama mizani waliyopimia baruti na maganda ya shaba ya makombora yaliyopangwa kama birauli, nikamshukuru Mungu kwamba vita vile vilipita na sisi tukazaliwa. Nilipofika mwisho wa chumba, penye mlango mwingine wa kutokea uani, nikasikia adhana.

Imamu wetu alikuwa amesafiri, na aliyeachiwa kuswalisha Adhuhuri ni mimi. Sikuwa na udhu. Kurudi nyuma ni kuzunguka tena meza zote za maonyesho. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na ukitoka hapo msikiti ni vichochoro viwili. Nikamwita Shee kutoka mbali, "Tukutane msikitini!" nikatoka. Katika kichochoro cha kwanza nikasikia mawe yakilia chini yangu, nikatazama miguu, nikakumbuka makubadhi. Hapo ningerudi. Lakini nikajiambia, mitalawanda ni viatu vya kutawadhia, na mimi nakwenda kutawadha, nikishaswali nitairudisha, kuna nani atakayeihitaji kwa nusu saa? (Ndivyo shetani anavyosema, haanzi kwa kukwambia uibe.)

Muuza kahawa wa pale kona aliponiona akaweka dele lake chini. "Maalim! Leo umetoka hamamuni moja kwa moja?"

"Adhana!" nikamjibu, nikapita, ko, ko, ko, ko.

Nikatawadha nikiwa nayo, nikaipanga ukingoni pamoja na ile ya msikiti, vizuri sana, visigino kwa anayekuja, nikaingia kuswalisha.

Rakaa mbili za mwanzo zilikuwa salama. Katika ya tatu nikasikia nje sauti ya mwanamke mwenye kuhema, "Ameingia hapa? Yule mzee ameingia hapa?" na sauti ya Shee ikimwambia, "Ngoja mama, ngoja, wanaswali." Mola anisamehe, Fatiha ilikuwa mdomoni na masikio yangu yalikuwa mlangoni. Nilipotoa salamu nikageuka kuwakabili watu, kama desturi ya imamu, na juu ya vichwa vyao, kupitia mlango ulio wazi, nikamwona Mama Mwende amesimama uwanjani, kilemba kimemwelemea upande mmoja, amebeba makubadhi yangu, moja mkono huu na moja mkono huu. Waumini walipoona macho yangu hayatulii wakageuka wote kutazama nilichokitazama.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mzee, amana ya watu iko wapi?"

Safu nzima ya mbele ilikuwako darsani jana yake. Kuna mtu alikohoa. Kuna mwingine, sitamtaja, alisema taratibu, "Hata ikiwa mswaki wa mti."

Nikatoka bila kumaliza uradi. Mama Mwende akanieleza kwa maneno machache: kitu cha Bi Dama ndicho kile. Mitalawanda ile baba yake aliivaa ndani ya chumba cha baruti, vita vilipokwisha akaruhusiwa kwenda nayo nyumbani, na haiko nyingine iliyosalia. "Nimemwapia yule mama, mzee. Nimeapa." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi nilijua nilikoiacha.

Tukaenda mbio mahali pa kutawadha, mimi na Shee na nusu ya jamaa (Mama Mwende akangoja nje kwa heshima). Ukingoni palikuwa na mitalawanda jozi saba, yote imelowa, yote ya kahawia, yote imechakaa. Miaka yote nilijua msikiti una jozi sita. Pamoja na yangu, yaani ya Bi Dama, ni saba. Nikashukuru Mungu. Kisha Shee, ambaye hutazama mambo yasiyomhusu, akasema, "Na chooni kuna mtu."

Mlango wa choo ulikuwa umefungwa, na chini yake tuliona visigino vya mbao.

"Nani humo?" nikauliza.

Aliyekuwa ndani akakohoa. Mnajua adabu, mtu akiwa pale hazungumzi, hukohoa tu kuonyesha kwamba pana mtu. Nikajua kikohozi kile ni cha Fundi Mbwana, mshonaji wa kanzu.

"Mbwana, hiyo uliyovaa ni ya msikiti au si ya msikiti?"

Akakohoa.

"Kohoa mara moja ikiwa ni ya msikiti," akasema Shee, "mara mbili ikiwa ya makumbusho."

Kikaja kikohozi kirefu, cha mtu aliyekasirika, ambacho wengine walikihesabu kimoja na wengine vitatu. Watu wakaanza kucheka mle ndani, wazima na ndevu zao, na mimi nimesimama mbele ya mlango wa choo na joho la uimamu mabegani, namsubiri mtu amalize haja yake.

Hapo ndipo nikakumbuka ile nusu niliyoisikiliza. Baruti haitaki chuma. Nikachuchumaa, nikaanza kupindua mitalawanda mmoja mmoja. Ya msikiti ukanda wake ni mpira wa gurudumu, umepigiliwa misumari, tena mingine ina kutu. Jozi ya kwanza misumari. Ya pili misumari. Nilipofika ya saba, misumari. Basi msikiti una jozi saba, miaka yote hii nami sikujua, na ya Bi Dama ilikuwa ndani, inakohoa.

Fundi Mbwana alipotoka alikuta watu kumi na tano wakimtazama miguu. "Kwani msikiti huu siku hizi hata chooni kuna foleni?" akasema. Nikapiga magoti, nikamwomba anyanyue mguu. Ukanda wa turubai, umeshikwa kwa vijiti vya mti, hakuna chuma hata chembe. Nikaibeba mikononi kama mtu aliyebeba mtoto, imelowa chapachapa, na harufu yake sitaieleza.

Ilikuwa saa saba na robo. Mama Mwende akasema sabuni hapana, jua hapana, mti wa zamani utapasuka. Maji safi tu, kitambaa, kisha upepo wa kivulini. Basi mkaniona, ninyi mliopita siku ile, nimekaa barazani pa makumbusho, kanzu imelowa mpaka magotini, mitalawanda mbele yangu juu ya gazeti, napepea kwa kipepeo cha ukili kama mchoma mishikaki. Wauza vinyago wa Ndia Kuu walikuja mmoja mmoja kutazama. "Maalim, ikiiva tuuzie miwili," akasema mmoja. Nikaendelea kupepea. Niliona ni haki yangu.

Saa nane kasoro dakika chache ilikuwa imekauka juu, chini bado ina ubaridi. Tukairudisha mahali pake, kamba ikafungwa. Shee akanivuta kando. "Sasa nyamaza. Imekauka, iko pale pale, mama mwenyewe ni mtu mzima, hataona tofauti. Ukisema, huyu Mama Mwende ndiye atakayeumia."

Na Mama Mwende, bila kututazama, akasema, "Mimi nitasema ni kosa langu. Mimi ndiye niliyefungua kamba."

Hapo nikaona aibu kuliko ile ya msikitini. Mwanamke huyu aliapa kwa jina la Mungu akakimbia juani kuokoa kiapo chake, na sasa anataka kubeba na mzigo wangu. Nikasema, "Hapana mama. Mguu ulikuwa wangu."

Bi Dama akaingia, mama wa Kigiriama mwembamba, amejifunga leso mbili, na mkongojo wake. Tukasalimiana, nikamwekea kiti mbele ya mstari mwekundu, nikamweleza. Sikuficha kitu. Nilimwambia mimi ni nani, niliyoyasema jioni ya jana yake, na niliyoyafanya. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mkongojo.

"Uliivaa hadi wapi?"

"Hadi msikitini, mama."

"Hapo tu?"

Nikamtazama Shee, Shee akatazama dari. "Na chooni iliingia. Si kwa mguu wangu, lakini iliingia kwa sababu yangu."

Mama Mwende alikuwa ameshika kitambaa cha vumbi kama anataka kukikamua. Kisha Bi Dama akasema, "Kwani ninyi mwadhani baba aliileta nyumbani aifanye nini? Aliivaa kwenda chooni, pale uani kwetu, kila alfajiri, miaka mingi. Sisi watoto tulikuwa tukiamka kwa mlio wake." Akaitazama pale chini, ndani ya kamba. "Nilipowaletea niliona vizuri kuiweka. Lakini tangu afe haijalia. Mbao iliyonyamaza mimi siijui."

Kisha akanigeukia. "Ivae."

"Mama," akasema Mama Mwende, "sheria ya hapa hairuhusu."

"Ni ya baba yangu. Nimemruhusu mimi. Mzee, ivae utembee niisikie."

Kwa hiyo siku ile ile nikaivaa mara ya pili, safari hii nimeambiwa chukua. Nikatembea kutoka kwenye mstari hadi kwenye mizani na kurudi, ko, ko, ko, huku watu wamejaa mlangoni, na Bi Dama amefumba macho.

"Hapana," akasema. "Wewe wakimbia. Baba hakuwa akikimbia. Nenda polepole, sasa hakuna adhana."

Nikaenda polepole. Akaniambia tena. Nikaenda tena. Mara ya tatu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila hatua, na hapo akasema, "Basi. Ahsante. Irudishe."

Nikaivua, nikaipanga. Mama Mwende akafunga kamba mafundo mawili. Kazi yake anayo mpaka leo, namshukuru Mungu, na Bi Dama huja kumtembelea. Mimi huambiwa nisisogee karibu na mstari.

Kesho yake nilirudi na miwani nikasoma kile kikaratasi. Kilikuwa na jina la baba yake Bi Dama, na chini yake maneno mawili: Tafadhali usiguse. Tangu hapo sitoki bila miwani, na nimejiwekea nadhiri kwamba mguu wangu hautaingia katika kiatu nisichomjua mwenyewe, hata kiwe kimenigeuzia visigino. Msikitini kwetu nikifika mahali pa kutawadha kwanza huuliza, "Hii ya nani?" na kila mara yuko mtu anayenijibu kwa kukohoa.

Darsa iliyofuata niliirudia ile ya amana tangu mwanzo, na mfano nilioutoa ni huu. Nilitazama safu zote. Hakuna hata mmoja aliyesinzia.